Chakula cha Kusimamiwa

Kaka yangu anaishi Maskat, na watu wanaoishi mbali hawakosi dawa ya maradhi ya nyumbani. Nilipomwambia kwamba mama, tangu atoke eda ya baba, hali kitu ila vijiko vitatu na kikombe cha chai, alitulipia siku mbili katika hoteli ndogo ya kifahari, vibanda sita tu, porini upande wa Makunduchi. Alisema mama anahitaji mandhari. Mama amezaliwa Makunduchi. Mandhari hiyo aliikata kuni mpaka alipoolewa mjini.

Nilikubali kwa sababu nilikuwa naogopa. Nguo zilikuwa zinampwaya, na nimeshazika mzazi mmoja mwaka huu.

Tulipokelewa kwa vitambaa vya baridi vya kujifutia uso. Mama alikunja chake vizuri akakitia mkobani. Chumbani kulikuwa na kitanda cha kutosha ukoo mzima, lakini bafu lilikuwa nje, beseni jeupe chini ya mti. Mama alilizunguka, akaniuliza kama hawa watu waliishiwa matofali. Kisha kima mmoja akaja akakaa kwenye tawi, akatukodolea macho. Mama akajifunga mtandio sawasawa, akasema haogi mbele ya mwanamume asiyemjua. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, mara ya kwanza tangu msiba. Nikawaza labda kaka hakukosea.

Chakula kikaja kuniharibia. Sahani pana kama ungo, na katikati yake samaki wa kumwonjesha paka, na kila ikiondoka huja nyingine. Mhudumu, mtu mzima mwenye mvi zake, alisimama nyuma ya kiti cha mama, mikono mgongoni, kama alivyofunzwa. Mama aligeuka akamkaribisha. Yule bwana akashukuru. Mama akamkaribisha tena, naye akashukuru tena, na hakusogea. Kwetu huli mwenzio kasimama. Unamkaribisha, na akikataa basi angalau huenda zake. Huyu alikataa akabaki. Mama akaweka uma chini.

Usiku hivyo hivyo, na asubuhi hivyo hivyo. Sahani zake nilizimaliza mimi, maana kutupa chakula ni dhambi, na mimi dhambi za namna hiyo nazikwepa kwa bidii. Lakini roho ilikuwa juu. Mchana wa pili, alipoiacha tena sahani nikaimaliza, niliinuka nikaenda kwa meneja, mgeni mpole wa ng'ambo, nikamwomba amwondoe yule bwana. Akanieleza kwa upole kwamba huduma ile ndiyo hasa wageni wanayoifuata. Niliporudi mezani kiti cha mama kilikuwa kitupu, na mhudumu hayupo.

Nilimkuta mhudumu kwenye ngazi ya nyuma ya jiko, na sahani yake mapajani. Alininyooshea kidole ndani. Wanawake wa jikoni walikuwa wamekaa mkekani, sinia moja kati yao, wali na mchuzi wa pweza, na mama yangu amekunja miguu katikati, mkono umezama. Alikuwa akizungumza Kimakunduchi, ambacho mimi nusu yake hunipita. Nilichokipata ni kwamba anawakosoa nazi. Huku anakosoa, anakula. Alikula mpaka akakomba ukingo wa sinia kwa kidole.

Nilifurahi. Kisha, Mungu anisamehe, nikaona wivu.

"Mama, miezi yote hii nnakupikia huli," nilimwambia. "Leo kwa watu umemaliza sinia?"

Hakukasirika. Alijifuta mdomo kwanza.

"Unapika vizuri, mwanangu. Lakini unaniletea chumbani, unafunua kawa, kisha unasimama mlangoni kungoja vyombo. Babaako hakuniacha nikala peke yangu hata siku moja."

Wale wanawake waliinamia wali wao. Mimi sikuwa na pa kuinamia. Siku mbili nilikuwa nimemcheka yule mhudumu moyoni, mikono yake mgongoni na yale mashukurani yake, na kumbe mimi nilikuwa nimeifanya kazi yake tangu mama atoke eda, tena bila hata kushukuru, kwa kuwa mama hakuwa na nafasi ya kunikaribisha. Nilikuwa na haraka ya kuosha sahani.

Mama alisogea kidogo mkekani.

"Karibu," akasema.

Nilikuwa nimeshiba mpaka kooni. Nikanawa mikono, nikakaa.