Mrashi wa Kuazima

Duka langu lilikuwa duka. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu mpaka leo wako watu mtaani Kuze, hapa Mji wa Kale, wanaoamini kwamba lilikuwa kabati la harusi za mtaa, na kwamba mimi nilikuwa mlinzi wake.

Lilikuwa chumba kimoja cha chini katika nyumba ya wakfu, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wenye vikapu hawapishani bila kuombana radhi. Nilikipanga mwanzoni mwa miaka ya tisini, baada ya kurudi kutoka chuo kikuu na shahada ya historia na kukaa nyumbani kwetu Majengo nikingoja serikali igundue kwamba nipo. Tasnifu yangu ilihusu biashara ya pwani katika karne zilizopita. Nilichambua bei za pembe, nguo na karafuu kwa ufasaha uliowafurahisha walimu. Nilipofungua biashara yangu mwenyewe, katika pwani hiyohiyo, ndipo nilipogundua kwamba sikufundishwa namna ya kumwambia jirani "hapana".

Niliuza vitu vya zamani na kazi za mikono. Upande mmoja palikuwa na madele ya kahawa, masinia ya shaba, saa za ukutani zilizokwisha kukata tamaa, vyetezo vya kufukizia udi. Upande wa pili nilitundika mikeka, vipepeo vya ukindu na kofia zilizoshonwa kwa mkono na akina mama wa Majengo. Na juu ya rafu ya katikati, peke yake kama imamu, ulisimama mrashi wa fedha: shingo ndefu, tumbo la duara, kichwa chenye vitundu vidogo vya kunyunyizia maji ya waridi. Niliununua kwa familia iliyokuwa ikihamia Uarabuni. Ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kumiliki, na nilikimiliki kwa jina tu.

Taabu yangu ilikuwa hii. Mtalii akiingia dukani aliona vitu vya kale. Jirani akiingia aliona vyombo.

"Hodi, Profesa. Mrashi uko?"

"Uko, mama. Unauzwa."

"Najua wauzwa. Ndiyo maana nimekuja mapema, kabla hujauuza. Nipa, kesho asubuhi utaupata."

Huyu alikuwa jirani yangu wa mbele, mjane mwenye sauti ya kusikika hadi sokoni, ambaye hapana harusi ya Kuze iliyofanyika bila yeye kuisimamia. Yeye ndiye aliyenibandika hilo jina la Profesa, na hakulitamka hata mara moja bila kutabasamu. Mrashi wangu ulihudhuria harusi nyingi kuliko shangazi yeyote wa bibi harusi. Ulirudi ukinata halua. Ulirudi umejaa maji. Siku moja ulirudi na bonde tumboni, nikauliza nani ameuangusha.

"Haukuanguka," alinijibu. "Uliketishwa kwa nguvu."

Nikaandika kwa kalamu nene juu ya kipande cha boksi, nikakitundika mlangoni: VITU VYA DUKA HILI HAVIAZIMWI. Jirani yangu alikuja, akasimama, akasoma taratibu mpaka mwisho.

"Nani huyo wamwambia?"

"Watu, mama."

"Umefanya vyema. Watu wengine hawana haya. Haya, nipa mrashi."

Msomaji asiyekaa Mji wa Kale ataniuliza kwa nini sikukataa. Ningekataa vipi? Hao ndio walioniletea sahani za futari Ramadhani nzima. Wana wao ndio walionibebea makabati siku niliyohamia. Ningemnyima mmoja wao mrashi saa nne asubuhi, mamangu angepata habari kule Majengo kabla ya adhuhuri, tena habari iliyokolezwa chumvi. Kwa hiyo niliazimisha, nikanuna. Kununa kulikuwa ndiyo faida pekee iliyoingia.

Mwaka mmoja, katikati ya muongo huo, msimamizi wa nyumba alinijia. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulioniudhi. Aliketi barazani, akazungusha ufunguo wake kidoleni.

"Profesa, naona watu wanaingia kwako mikono mitupu, wanatoka wamebeba. Lakini sioni biashara."

"Biashara ipo, sheikh, inshallah."

"Iko nje, labda. Sikiliza. Yuko bwana anakitaka hiki chumba akodishe kanda za video, za Kihindi na za karate. Mwezi ukiisha nami sijakuona na mteja wa maana, wa kudumu, unipe ufunguo kwa wema."

Karate! Niliingia ndani nikayatazama madele yangu kama mtu anayewaaga watoto. Bila chumba kile sikuwa na pa kuvipeleka vitu vyangu, na bila vitu vile nilikuwa mwanahistoria asiye na kazi, kama wengine wote niliosoma nao.

Kwa hiyo utaelewa nilivyohisi wiki hiyohiyo, alipoingia mama mmoja kutoka Nairobi, mpambaji wa mahoteli. Alikuwa akitengeneza hoteli mpya upande wa kaskazini wa kisiwa, na alitaka makabati ya kioo kwenye kila ukumbi, ndani yake vyombo vya Waswahili. Alipita madele, akapita masinia, akafika kwenye mrashi, akasimama.

"Hii ndiyo nilikuwa natafuta," alisema. "Na unitafutie zingine kama hii. Tutaweka kikaratasi chini: chombo cha harusi za Waswahili wa kale."

"Si za kale, mama. Huu ulikuwa harusini Jumapili iliyopita."

Akacheka kwa huruma. "Usiwaambie wageni hivyo. Mgeni analipia kitu kilichokwisha."

Hapo ndipo iliponipasa kumfukuza. Nilikuwa na hotuba nzima kifuani, yenye utangulizi na hitimisho. Badala yake nilisema, "Bila shaka, mama," nikamvutia kiti. Tukaafikiana kwamba Ijumaa angekuja na gari kuuchukua mrashi, na kuanzia hapo mimi ndiye ningekuwa mtu wake wa kumletea vitu, hoteli baada ya hoteli. Nilikwenda kumwambia msimamizi kwamba mteja wa maana amepatikana. Akasema, "Nitamwona kwanza."

Alhamisi asubuhi jirani wa mbele alisimama mlangoni. Mpwa wake alikuwa anaolewa.

"Leo haiwezekani, mama. Kesho kuna mtu anakuja kuununua."

"Kesho si leo."

"Ukipotea je?"

"Upotee uende wapi? Harusi iko nyumba ya tatu!"

Akaondoka nao. Na alasiri ileile, kwa sababu safari yake ya kurudi Nairobi ilikuwa imewahishwa hadi Ijumaa asubuhi, mpambaji wa mahoteli akatokea kichochoroni siku moja kabla ya miadi.

"Iko wapi?"

Nilifikiri kudanganya, lakini uongo nao wataka elimu yake. "Iko harusini," nilisema.

Tulikwenda pamoja mpaka nyumba ya tatu. Shughuli ilikuwa ya wanawake. Bibi harusi alikuwa anapambwa, buibui zimevuliwa, na mwanamume mzima hana njia ya kuvuka kizingiti kile. Nikasimama nje nikapiga hodi kama mtoza kodi. Wanawake wawili waliokaa mlangoni wakaanza kunitania.

"Profesa, waja kuchagua mke?"

"Nataka mrashi wangu."

"Jamani, yuwataka kunyunyizwa! Ngoja zamu yako!"

Mpambaji akaniambia, "Mimi ni mwanamke. Wacha niingie." Na mimi, kwa ujinga niliousomea miaka mitatu, nikaona ni wazo zuri mno. Akaushuhudie mrashi ukifanya kazi yake, nikajisemea. Akiona hivyo atauthamini maradufu. Jirani yangu alikuja mwenyewe kumpokea: "Karibu mwanangu, karibu ndani, mbona wakaa juani?" Mlango ukafungwa.

Nilikaa baraza ya mkabala. Nilisikia vigelegele, ngoma, vicheko, halafu kimya cha watu wanaokula. Harufu ya udi na pilau ilinijia pamoja. Hakuna aliyenikumbuka hata kwa kikombe cha sharubati. Mpambaji alipotoka, jua lilikuwa limeshainama, nywele zake zimelowa maji ya waridi na kifuani amebandikwa kikuba cha asumini. Uso ulikuwa uking'aa.

"Watu wazuri sana," alisema. "Kesho bado nakuja. Nitatafuta kiti kwa ndege ya jioni."

Ijumaa baada ya sala gari lake lilisimama mwisho wa kichochoro. Nilikuwa nimeufuta mrashi mpaka naona meno yangu ndani yake. Nikangoja. Mbele ya mlango wangu akapita mama mmoja na bunda lililofungwa kwa leso. Akapita wa pili. Wa tatu leso ilikuwa imelegea, na kupitia pindo nikaona shingo ndefu ya fedha.

Nikatoka. "Mama, hicho ni nini?"

"Mrashi. Yule mgeni ameutaka."

"Kumbe una mrashi? Mbona miaka yote hii waazima wangu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa mbona havai viatu vya harusi kwenda sokoni. "Huu ni wa mamangu. Ningeutoa kwenye harusi, si ungepondwa?"

"Na sasa wauuza?"

"Nauuza. Wako si upo?"

Nilikwenda mpaka garini. Mpambaji alikuwa akivipanga vyombo ndani ya katoni zenye pamba, mirashi na vyetezo, vyote vimetoka kwenye masanduku ya mitaa yetu, vingine havikuwahi kuona harusi tangu harusi ya mwenyewe. Nikamwonyesha wangu. Akaugeuza, akapitisha kidole kwenye lile bonde.

"Pole sana. Yako imetumika. Za hawa mama ziko safi."

Mtu aliyetaka kitu cha kale alikuwa anakikataa changu kwa kuwa kimetumika, na waliokitumia walikuwa wanamuuzia vyao kwa kuwa havikutumika! Ile hotuba yangu ya kifuani niliirudisha dukani pamoja na mrashi wangu. Baadaye nilisikia vimewekwa kwenye makabati na kikaratasi chake. Sijakwenda kuviona, na sina nia.

Mwezi ukaisha. Msimamizi akaja na bwana wa kanda za video, ambaye alianza kuupima ukuta wangu kwa shubiri bila kunisalimu. Nilikuwa nimeshaanza kufunga masinia kwa magazeti. Dirisha la mbele likafunguka.

"Mwampeleka wapi Profesa?"

"Hana biashara, dada," msimamizi alijibu. "Hauzi kitu."

"Kwani ni nani aliyemwambia auze?"

Akashuka. Na wengine wakashuka, kwa sababu sauti ile ilikuwa kama mbiu. Wakakizunguka kiti alichokalia msimamizi.

"Binti yako yuwaolewa baada ya mfungo, au nimesikia vibaya?"

"Inshallah."

"Mrashi utautoa wapi?"

"Mke wangu anao, alirithi kwa—"

"Alikuwa nao. Uko hotelini. Niliupeleka garini mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Kuze nzima umebaki mmoja, na uko kwenye rafu hiyo. Mtoe huyu, umlete huyo wa karate, kisha tumnyunyizie bintiyo kwa gudulia."

Msimamizi akamgeukia yule bwana aliyekuwa bado ameweka shubiri ukutani, akamwambia kwa upole wake uleule kwamba chumba hiki, kwa kweli, kina unyevu mwingi, na kanda zingeharibika.

Wakaondoka. Ilinipasa kushukuru, najua. Nilikuwa nimebakishwa, na kwa miaka mingine mingi nilibaki. Lakini nilinuna. Hakuna hata mmoja aliyenitetea kama mfanyabiashara. Walinitetea kama wanavyotetea bomba la maji.

"Mama," nilimwambia jirani yangu, "mimi hapa nauza vitu. Ndiyo kazi yangu."

"Twajua, mwanangu. Uza vyote. Huo mrashi tu usiuze."

"Basi angalau mkiurudisha uwe umesuguliwa."

Akaniangalia, na safari hii hakutabasamu.

"Kusugua," alisema, "ni kazi ya mwenye duka."