Elimu ya Dawa

Kaka yangu mkubwa alisoma shimi, yaani kemia, kwa mapadri, miaka ile ya kwanza ya uhuru, mji wetu ulipokuwa ungali unaitwa Albertville. Mama, asiyejua Kifaransa, alimwuliza shimi njo nini. Kaka akamjibu kwa kifupi: "Mama, njo elimu ya dawa."

Neno lile lilitupeleka mbali. Kwetu dawa ni ile ya hospitali, na dawa ni pia kile ambacho muntu mubaya anakutilia katika chakula.

Kisha mdogo wetu wa mwisho akafa. Aliamka muzima, akaharisha, jioni hatukuwa naye tena. Uji wake wa asubuhi ulipikwa na shangazi, dada ya papa yetu, mjane asiye na mtoto aliyeishi nasi. Hakuna aliyesema wazi, lakini bukari, yaani ugali, aliyosonga matangani ilipoa bila kuguswa. Ndugu waliotoka Moba kwa mashua wakamwambia papa amfukuze. Mwanamke aliyefukuzwa kwa jina la mtia sumu, nani atampokea?

Papa, muntu wa reli, alimwita kaka mbele ya wote, akaweka chini sufuria ya uji, haijaoshwa.

"Wewe njo unasoma elimu ya dawa. Humu mulikuwa na sumu?"

"Ama mapadri wanakula pesa yetu ya minerval bure?" akadakia mjomba, ndugu ya mama.

Majina ya wote waliokaa pale nayakumbuka. Siyaandiki, wengi wamelala. Na maneno ya kaka nayakumbuka. Alisema alikosea kumjibu mama vile, shimi si dawa. Shimi inauliza kitu kimefanywa na nini, na kinageukaje kuwa kingine: kuni kuwa majivu, chuma cha reli kuwa kutu. Tawi moja ni la mawe, chumvi na madini kama yale ya Manono. Lingine ni la vitu vilivyotoka katika uhai, kama mawese na sukari. Lingine linafuata yanayotendeka ndani ya mwili, lingine joto na nguvu.

"Na liko la kupima, la kutafuta ndani ya kitu muna nini. Njo hilo munalolitaka, papa. Sisi tuko mwanzo tu. Sijui."

"Hujui kama mulikuwa na sumu?"

"Sijui. Na ninyi pia hamujui."

Mjomba akacheka kwa pua. "Mwaka muzima wa masomo, jibu njo 'sijui'!"

Kaka akainuka, akaenda jikoni, shangazi alikokuwa analia penye moto.

"Shangazi, nina njaa. Nipe bukari."

"Mwanangu, ukiugua hata kichwa tu, wataniua."

"Nipe."

Akaileta sahani katikati yetu, akala na sombe ya majani ya muhogo, taratibu, tonge kwa tonge. Mama alijifunika uso kwa kitenge. Papa akaomba maji, akanawa mikono, akakaa karibu naye.

Ndugu wa Moba walipopanda mashua, shangazi alibaki kwetu. Mama alichukua muda mrefu kabla ya kula tena chakula cha mkono wake. Simlaumu. Mutoto alikuwa wake.