Betri za Bibi

Leo tunarekodi filamu ufukweni, na mimi ndiye mtu wa sauti. Nimefungua kinasa sauti kilichoachwa juani, harufu ya betri zilizopata moto ikanirudisha kwa bibi. Yeye alianika betri za redio juu ya jiwe mchana kutwa, zipate nguvu ya kusikiliza matangazo ya vifo jioni. Siku moja nilizimaliza kwa muziki. Jioni redio ikakoroma, ikanyamaza.

Siku tatu baadaye akaja mtoto wa mdogo wake bibi, kutoka Misungwi.

“Mama mkubwa, mbona hukuja kumzika mama? Tulitangaza redioni.”

Bibi alinitazama. Kesho yake akazianika tena betri zilezile.

“Sauti tayari?” anauliza mwongozaji.

Namwomba asubiri. Natoa betri ambazo bado zina nguvu, naweka mpya.