Upande wa Pili wa Bawa

Mtaani walimwita Mama Sufi, na jina hilo hakulichukia. Tangu usichana wake nywele zake hazikukosa kijinyuzi cha sufi, maana baba yake alikuwa mshona magodoro, na yeye na mdogo wake ndio waliokuwa wasaidizi wake. Godoro la sufi haliwezi kushonwa na mtu mmoja. Linalazwa juu ya fremu. Mmoja anasimama na kuchoma sindano ndefu kwenda chini, mwenzake ameketi chini ya fremu, anaipokea na kuirudisha juu. Mama Sufi alikuwa wa juu, mdogo wake wa chini, na walivyopatana ungedhani ile mikono minne ina kichwa kimoja.

Mdogo akaolewa, akahamia mbali. Baba, mgongo umeshaanza kupinda, akaingia mwenyewe chini ya fremu. Haikuchukua miaka mingi akafariki, na pale msibani, watu wamejaa uani, mdogo mtu akafungua kinywa: "Wewe ndiye uliyemmaliza baba kwa kazi!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku hiyo Mama Sufi na mdogo wake hawakusemeshana. Wakikutana harusini, kila mmoja alijifanya anatafuta kiti. Magodoro ya sponji yakaja yakaua biashara ya sufi, Mama Sufi akageukia mapazia na foronya. Ukimuuliza habari za mdogo wake, alikuwa akikwambia hali ya hewa.

Sasa, karibu na uwanja wa ndege wa zamani kulikuwa na makumbusho ya anga. Mama Sufi alikuwa amelipita jengo hilo maisha yake yote akiamini ni ghala la mbolea. Siku moja akaingia kibandani kwake mwanamume mwenye mvi, ovaroli imelowa grisi.

"Shikamoo mama. Nyinyi ndio mliomshonea marehemu mama yangu godoro la sufi?"

"Marahaba. Kama halijabonyea, ni letu."

"Basi nina kazi ya kushona. Bawa la ndege."

Mama Sufi alicheka mpaka akashika meza. Lakini fundi yule wa ndege hakucheka, na udadisi ni ugonjwa, wakaongozana.

Ndani ya lile ghala lisilokuwa ghala, kicheko kilimwisha. Palikuwa na injini iliyokaa juu ya kigoda chake kama bibi harusi. Palikuwa na glavu ya mtu wa angani ndani ya kioo, nene, vidole vimekunjika kidogo. Palikuwa na jiwe jeusi juu ya meza, na kibao kinachoruhusu watu kuligusa. Akaweka kiganja.

"Hili limetoka wapi?"

"Juu, mama."

"Juu wapi? Juu ni kwingi."

"Mbali kupita mwezi. Lilianguka lenyewe."

Akauondoa mkono haraka, kisha akaurudisha polepole. Alihisi baridi ikipanda mpaka kwenye kiwiko, na hakutaka kuondoka hapo.

Mwisho wa ukumbi ilisimama ndege yenyewe, uchi wa mnyama, mbavu tupu za mbao nyembamba. Kitambaa chake cha zamani kilikuwa kimeoza. Fundi akamweleza kwamba ngozi ya ndege za namna hii ilikuwa ni nguo, ikishonewa kwenye mbavu, kisha ikapakwa dawa ya kuikaza mpaka ikalia kama ngoma.

"Yaani mtu alipaa akiwa amebebwa na shuka?"

"Shuka na mishono, mama."

Mama Sufi akapitisha kidole juu ya ubavu mmoja. Miaka yote hiyo alikuwa ameshonea watu waliolala. Hakuwahi kuwaza kwamba mshono uleule, sindano kwenda na sindano kurudi, ungeweza kumwinua mwanadamu kutoka ardhini na kumtembeza juu ya mapaa ya nyumba. Machozi yalimlenga, naye akasingizia vumbi.

Bawa lilisimamishwa kwa ubavu, kitambaa kimevutwa pande zote mbili, na kila upande ukahitaji mtu wake. Mama Sufi akamleta mkwe wake, mke wa mwanawe. Binti wa watu alijitahidi, lakini sindano zake zilitokea popote zilipojisikia. Fundi alikagua, akakuna kichwa, akafumua yote.

"Tukishindwa, nitaining'iniza hivihivi na mifupa yake," alisema. "Ila inasikitisha."

Mama Sufi aliitazama ile ndege. Alimjua mtu mmoja tu duniani wa kukaa upande wa pili, na ndiye mtu ambaye hakutaka kumwona. Alisumbuka siku kadhaa. Mwishowe akamtuma mwanawe kwa mama yake mdogo: kuna kazi ya watu wawili, akitaka aje.

Alikuja. Alimsalimu fundi, akaitazama ndege kuanzia pua hadi mkia, mdomo wazi, kisha akapita moja kwa moja nyuma ya bawa bila kumtazama dada yake. Mama Sufi akachoma sindano. Ikarudi, sawasawa pale ilipotakiwa. Akachoma tena, ikarudi. Ubavu mmoja ukaisha, wa pili ukaisha, fundi akasimama pembeni akipumua taratibu, asije akaharibu.

Fundi alipotoka kufuata uzi, sauti ikaja kutoka upande wa pili.

"Dada, unakaza mno."

"Ndivyo baba alivyonifundisha."

"Baba alikuwa anashona godoro. Hiki kitu kinapaa!"

Mama Sufi alitaka kukasirika, akashindwa. Akalegeza mkono, akachoma. Safari hii sindano haikurudi. Akasubiri. Taa ilikuwa imewekwa nyuma, na kwenye kitambaa aliona kivuli cha mwanamke aliyezeeka, mabega yanatikisika. Akapiga hatua kuzunguka.

"Usije huku, dada. Nikikuona sitaweza kusema."

Akasimama.

"Siku ile msibani nilikusingizia. Mimi ndiye niliyeondoka. Ningekuwepo, baba asingeingia chini ya fremu na mgongo ule. Nilijua hivyo hata nilipokuwa nakutupia wewe maneno. Nimejua hivyo kila siku."

Mama Sufi aliyasubiri maneno haya kwa muda mrefu, na alikuwa ameyaandalia jibu kali. Lakini alichokiona sasa ni baba yake chini ya fremu, ameketi juu ya gunia, akiimba ovyo na kumtania kila sindano ilipokwenda kombo.

"Baba alikuwa anapapenda pale chini," alisema. "Hukuwepo, hukusikia. Alikuwa anaimba kutwa, sauti mbaya kama mlango. Alisema amekaa kwenye kiti chako, na ukirudi atakupisha."

Kivuli kikajifunika uso. Mama Sufi akaegemeza kipaji cha uso kwenye bawa, wakalia kila mtu upande wake.

"Haya, mdogo wangu," alisema hatimaye. "Rudisha sindano."

Sindano ikatokeza. Ilimbidi aipapase kwa vidole, maana macho yake yalikuwa hayaoni kitu.