Nyongo Isije Ikapasuka

Baba yangu amechinja ng'ombe tangu kabla sijazaliwa. Pale Ilongero, mtu akisema "mchinjaji" bila kuongeza neno, anamaanisha yeye. Siku za mnada anaswali alfajiri, ananoa visu viwili, anavaa koti lake la mvua la kijani hata kama ni kiangazi, kisha anakwenda machinjioni kwa miguu. Sijawahi kumwona akiharakisha. Anasema wanaoharakisha ndio wanaopasua nyongo.

Kuhusu nyongo hana mzaha kabisa. Ule mfuko mdogo umejibanza chini ya ini, na ukiugusa vibaya ukapasuka, uchungu wake unaingia kila mahali. Hata uoshe lile ini kwa pipa zima la maji halifai tena. Baba hulipasua tumbo la ng'ombe wazi kabisa, watu wawili wanamshikia huku na huku, anainama aone vizuri, ndipo anaukata mfuko pamoja na kipande cha ini ili kisu kisiukaribie. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu aliniachia mbuzi wa Idi. Nikajifanya fundi. Nikapasua kidogo tu, nikaingiza mkono na kutafuta kwa kupapasa, na nyongo ikanipasukia kiganjani. Hakunipiga. Alisema, "Umefanya kazi usiyoiona," akaenda kunawa. Mama alilipika lile ini hivyo hivyo, akalila mbele ya wageni akisema ni tamu. Wote walijua ananifichia aibu, na baadhi yao wakanitania mpaka Idi iliyofuata.

Nimeanza na mbuzi kwa sababu bila huyo mbuzi siwezi kueleza kwa nini nilinyamaza siku niliyotakiwa kusema.

Mama alianza kuumwa chini ya mbavu, upande wa kulia. Maumivu yalimjia baada ya kula, yakapanda mpaka begani, na akaketi chini pale pale alipokuwa, jasho likimtoka. Alikunywa dawa za vidonda vya tumbo karibu miaka miwili. Mimi kazi yangu ni kukamua alizeti, nina mashine Unyambwa, na kila nilipokwenda nyumbani nilimbebea dumu la mafuta. Nilijiona mtoto mwema sana. Kumbe kadiri mboga ilivyoelea mafuta ndivyo alivyozidi kuugua. Tulipompima kwa ultrasaundi pale Singida mjini tukaambiwa mfuko wake wa nyongo umejaa mawe, tukapewa rufaa kwenda hospitali kubwa Dodoma. Tulisafiri watatu, yeye, baba na mimi.

Daktari alikuwa dada mmoja mpole, mdogo kwangu kwa umri, aliyemwamkia baba shikamoo kabla ya kuketi. Alitueleza kwamba huo mfuko unatolewa wote, na mtu anaishi vizuri bila huo. Akageuza karatasi, akachora tumbo, akatia vidoti vinne. Huo, alisema, ni upasuaji wa matundu madogo. Wanamlaza mgonjwa kwa nusu kaputi, wanajaza hewa tumboni ili pawe na nafasi, wanapitisha kamera nyembamba kwenye tundu la kitovuni, na kwa yale mengine wanaingiza vyuma virefu vya kushikia na kukatia. Wanafanya kazi huku wakitazama kwenye skrini. Maumivu yanakuwa machache, kidonda hakina nafasi kubwa ya kuoza, mgonjwa anatembea siku ile ile na mara nyingi anakwenda nyumbani kesho yake. Alitwambia pia bila kuficha kwamba safari nyingine mambo yakiwa magumu humo ndani wanalazimika kufungua tumbo, na kwamba njia ya kufungua nayo inaponya watu kila wiki. Lakini kwa mama, alivyomwona, angependa matundu.

Kisha akauliza kama tuna swali.

Baba alikuwa nalo. Nililiona usoni mwake, maana ninamjua. Ila yeye ni mtu aliyekwisha kutoa nyongo zaidi ya alizowahi kutoa yule dada, na swali lake lilitoka likiwa hukumu. "Nyongo haitolewi kwa kutobolea," alisema. "Ikipasuka humo ndani utaioshaje? Mfungueni. Muione kwa macho."

Daktari alijaribu mara nyingine, taratibu, kwamba kwenye skrini wanaiona kubwa kuliko kwa macho. Baba akatikisa kichwa. Picha ni picha, alisema.

Nilikuwa nimekaa kati yao. Mke wa jirani yangu Unyambwa alikwisha kufanyiwa ile ya matundu, na nilimwona sokoni wiki ya pili akinunua dagaa. Nilitakiwa kusema hilo tu, neno la dakika moja. Lakini kuhusu nyongo mimi nilikuwa bado yule wa mbuzi wa Idi, na sikuwa na mdomo wa kumpinga baba mbele ya mgeni. Daktari akamgeukia mama mwenyewe, akamuuliza anatakaje. Mama alimtazama baba, akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu zaidi, na nilifanya kama ninasoma karatasi.

"Wao wakionaje," alisema.

Fomu ilipoletwa, mimi ndiye niliyemwonyesha kwa kidole mahali pa kutia saini.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Ninalisema hili kwa sababu nimesikia watu wa kwetu wakiwasema madaktari, na hawajui walisemalo. Nesi alituletea kopo lenye ule mfuko, mzima, mawe yakigongana ndani kama kunde kavu. Baba alilishika kopo, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akalikagua kama anavyokagua ini. "Haikupasuka," aliniambia, na alitabasamu. Sijamwona tena akitabasamu vile.

Mshono wa mama ulianzia karibu na chembe ya moyo, ukashuka ukifuata mbavu, mrefu kupita shibiri yangu. Manesi walimsisitiza avute pumzi ndefu na akohoe, ili mapafu yasijae. Alijaribu. Alijikunjia kanga, akaibana juu ya kidonda kwa mikono miwili, akakohoa kidogo kama mtu anayeomba radhi, kisha machozi yakamtoka. Baadaye akawa anadanganya. Nesi akiuliza kama amekohoa, anaitikia ndiyo, na mimi niliyekuwa pembeni yake siku nzima nikimsikia hajakohoa nilimwonea huruma, nikamwacha. Wodini alilala siku tisa.

Nyumbani alipata kila kitu ambacho sisi tunajua kumpa mgonjwa. Dada zake walikuja, wakapika uji wa uwele, wakamkataza kuinuka. Walipoona ule mshono walishika vinywa, na kwa kuwa mshono ulikuwa mkubwa wakaona hata kugeuka asigeuke. Uani majirani walikuwa wakipura mtama na vumbi liliingia ndani, naye akawa anabana pumzi ili asikohoe. Siku ya tano kidonda kikaanza kutoa usaha pembeni. Siku ya saba akapata homa, pumzi ikawa fupi, akaongea maneno mawili mawili. Tukamrudisha hospitali ya mjini. Walisema ni mapafu. Aliniambia, "Usim... usimlaumu baba yako," na kwa kuwa alilazimika kupumua katikati ya sentensi nilidhani hajamaliza, nikasubiri. Alikuwa amemaliza. Alifariki kesho yake saa nne asubuhi, akazikwa Ilongero alasiri ile ile.

Sikumlaumu baba. Nilikuwa na wa kumlaumu karibu zaidi.

Miaka mitano ikapita, na maumivu yale yale yakaja kwangu. Nikiwa kwenye mashine, nimetoka kula wali na mboga ya mafuta, nikajikuta nimekaa juu ya rundo la mashudu ya alizeti, mkono mbavuni, jasho linatoka. Sikuhitaji kuambiwa ni nini. Nilimwambia baba kwa simu kwamba ninakwenda Dodoma kufuata vipuri vya mashine. Mke wangu pekee ndiye aliyejua.

Safari hii daktari alikuwa mwanamume wa makamo. Alichora tumbo, akatia vidoti, akauliza kama nina swali. Nikauliza swali la baba, kwa adabu, kama lilivyotakiwa kuulizwa. Nyongo ikipasuka humo ndani je?

Hakucheka. Alisema ni swali zuri. Alisema wakishaukata mfuko hawauvuti hivi hivi. Wanaingiza tumboni mfuko mwingine, mwepesi kama wa plastiki, umekunjwa, wanaukunjua humo humo ndani, wanaitumbukiza nyongo, wanafunga mdomo, ndipo wanautoa wote kwa tundu la kitovuni. Na ikivuja kidogo kabla ya hapo, wanapasafisha kwa maji na kuyafyonza. Aliisema habari hii kama mtu anayeeleza jinsi ya kubeba mayai, kisha akaendelea na mambo mengine ambayo sikuyasikia.

Nilimuuliza ule mfuko wa kutolea nyongo umeanza kutumika lini. Akasema upo siku nyingi, yeye aliukuta alipoanza kazi hii. Nikamweleza habari ya mama. Akasema hakuna anayeweza kuapa kwamba kwa matundu angepona, kwamba hata huko watu hupata matatizo. Ila kidonda kirefu chini ya mbavu, alisema, humfanya mtu aogope kuvuta pumzi.

Nilipoamka nilikuwa na plasta nne. Bega la kulia liliuma kuliko tumbo. Nesi akasema ni ile hewa waliyonijaza, itaisha. Jioni nilijikokota mwenyewe mpaka chooni. Nikiwa huko koo likaniwasha, nikakohoa. Iliuma kidogo, ya kuvumilika. Nikakohoa tena kwa kukusudia, kwa nguvu. Mapafu yakafunguka yote. Nilisimama pale nimeshika ukuta, nikikohoa na kulia, mpaka nesi akagonga mlango akauliza kama niko salama.

Kesho yake niliruhusiwa. Siku ya kumi nilikuwa Unyambwa nimekaa kwenye kiti mbele ya mashine, nikiwaamuru watu, kwani kubeba magunia nilikatazwa kwa wiki kadhaa. Lakini Singida si mji wa kuficha kitu. Mtu aliyenisalimu stendi ya Dodoma alimsalimu baba mnadani, akampa pole ya mgonjwa.

Baba alikuja kwa bodaboda, na unga wa uwele na kuku amefungwa miguu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, hakukaa. Alisema niinue shati.

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku kumi kwa ajili ya hapo, na bado sikuwa tayari. Niliinua. Plasta zilikwisha kutoka. Palibaki vialama vinne, kimoja kimezama kitovuni. Mkono wake una sugu za kisu, lakini alinigusa kama anayegusa kitu cha moto. Aligusa cha kwanza, cha pili, mpaka cha nne. Akarudia. Alitafuta mshono mrefu upande wa mbavu, akapapasa pale pale ulipokuwa wa mama, hakukuta kitu.

"Nyongo wameitoa?"

"Wameitoa, baba."

"Haikupasuka?"

Nikamweleza habari ya mfuko. Nilijaribu kuieleza kwa ufupi, kama jambo dogo, lakini ninaongea na mchinjaji. Aliuliza mfuko unaingiaje, unakunjuliwaje, unafungwa na nini. Kila nilipojibu aliitikia kwa kichwa polepole, na nilimwona akiifanya ile kazi kichwani, hatua kwa hatua, na kuiona kuwa ni kazi safi, kazi ambayo yeye mwenyewe angeisifu. Kisha akaacha kuitikia. Kuku alikuwa akipapatika chini, na hakuna aliyemshika.

"Na mama yako," alisema. "Wakati ule. Mfuko huo ulikuwepo?"

Yule dada mpole angetueleza. Alituuliza kama tuna swali.

"Haukuwepo, baba," nilisema. "Umekuja juzi juzi tu."

Alinitazama muda mrefu, kama mama alivyonitazama siku ile, na safari hii sikutafuta karatasi ya kusoma. Kisha akaketi. Akaomba maji ya kunywa.

Sasa akitembelewa na watu husimulia. Huniita niinue shati, na mimi na umri wangu huu ninainua. Huwaonyesha matundu, huwaeleza habari ya mfuko vizuri kuliko mimi, na huwaambia mtu wenu akiambiwa njia hii msimzuie, ulizeni maswali yenu yote. Wawili wamekwisha kwenda kwa sababu yake, wamerudi wazima. Halafu huongeza, kila mara, kwa sauti ya chini, "Wakati wa marehemu mfuko haukuwepo." Na hunigeukia, macho yake yakinisubiri.

"Haukuwepo," huitikia mimi.