Ndimu ya Fundi wa Majitaka

Fundi wa mtambo wa majitaka haketi kunywa mvinyo kabla hajasugua viganja kwa ndimu na kuvinusa, kama anavyonusa kila asubuhi glasi ya maji yaliyosafishwa kabla ya kuyaachia baharini. Sabela, mchuuzi wa chaza pale sokoni anakonywea, hakuchoka kumtania: "Mzee, kaa kule upepo unakoelekea, harufu yako isitufikie." Uchafu wa mji ulikuwa umesababisha chaza wa ghuba yao wapigwe marufuku. Leo maji yamepimwa na kuonekana safi, marufuku imeondolewa. Sabela akapasua chaza wa kwanza, akamsogezea. "Maji ni yako, anza wewe." Fundi akatoa ndimu. Viganja hakuvigusa, akaikamulia yote kwenye chaza, akammeza mbichi, soko zima likimtazama. Sabela akamvutia kiti ubavuni pake.

"Kaa hapa, mzee. Upepo umegeuka."