Kikwembe Juu ya Jukwaa

Juzi mjukuu wangu alinishika mkono, tukateremka mpaka pale ziwa limefika. Alitaka picha ya ile sale ya zamani, ukumbi wa michezo ambamo Uvira nzima ilikuwa inajazana kila Jumapili kisha ya misa. Ziwa limepanda, limeingia mulangoni, limefunika benchi mpaka mustari wa tatu. Bata wawili walikuwa wanaogelea mahali padri alikuwa anakaa. Jukwaa la simenti bado liko, kavu kabisa, na muntu ameanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, juu yake.

Ile harufu, rafiki yangu. Nikasimama palepale.

Weye ambaye hukuiona sale ikiwa nzima, acha nikuambie. Rido yake, pazia la jukwaa, ilikuwa mashuka ya masista yaliyotiwa rangi nyekundu. Mabati yalikuwa yanalia jua likikaza, mpaka wachezaji wanapaza sauti. Kulikuwa na mchezo wa mama wa kambo. Yule aliyecheza mama wa kambo alimunyima mutoto chakula vizuri sana, hata wamama wa soko wakakataa kumuuzia mboga za lengalenga wiki nzima, ikabidi bwana yake aende sokoni. Kulikuwa na mchezo wa mwami, yaani mfalme, asiyetaka kufa. Kwa ule waliteremsha ndama wa kweli kutoka milima ya Mulenge. Ndama akaona taji ya mwami, iliyosukwa kwa masuke ya mpunga wa Bwegera, akaila yote. Watu walicheka mpaka benchi ikavunjika. Mwami alikufa mapema siku ile, hakuwa tena na kitu cha kuvaa.

Na kulikuwa na mchezo wa binti ya mwami. Huyo binti nilikuwa minye.

Nilikuwa darasa la tano, nalo lilikuwa la mwisho kwangu. Mwalimu alitaka binti avae kama muntu mukubwa. Nyumbani tulikuwa na kikwembe kimoja tu cha sherehe, kitenge cha koko, mama ya mama yangu, aliyenilea. Alikitoa mu sanduku, akanifunga yeye mwenyewe, akakaza fundo mpaka nikashindwa kupumua. Yeye akabaki na kile cha kazi, alichojifunga akigeuza ndagala mu muchanga kila asubuhi.

Kwetu, muntu akikufurahisha unavua kikwembe cha juu, unakitandika chini, apite juu yake. Mu sale, wamama walikuwa wanangoja mchezo uishe ndipo watandike. Koko hakungoja. Nilipotokeza tu nyuma ya rido, alikuja mbio, muchanga ungali mikononi, akapanda ngazi za jukwaa, akatandika kikwembe chake cha ndagala mbele ya miguu yangu.

"Pita, mama yangu," akasema. "Pita, nikuone."

Harufu ikashuka mpaka mustari wa kwanza. Kulikaa watoto wa wenye maduka, wasichana wa darasa langu, wakaziba pua. Mumoja akauliza kwa nguvu kama siku hizi mwami anaoa ndagala. Minye, nimefungwa kikwembe kizuri cha koko, nikainua kidevu. Nikasukuma kile kingine kwa muguu.

"Huyu mama simujui. Mumutoe."

Vijana waliocheza walinzi wakamushika mikono, wakamupitisha katikati ya watu mpaka nje. Sale ikapasuka kwa kicheko. Walifikiri ni mchezo.

Mwalimu naye alifikiri hivyo. Alinisifu mbele ya wote, akaandika maneno yale mu daftari lake, na Jumapili mbili zilizofuata nikayasema tena, kwa mama mwingine aliyejifanya muuza ndagala. Ule mchezo ulijulikana kwa maneno yale. Hata sokoni vijana walikuwa wanayarusha, palepale koko alipokaa na beseni yake.

Siku ile ya kwanza nilirudi nyumbani. Bugali ilikuwa imeshasongwa. Koko akanitolea ndagala vichwa, kama kila siku, kwa sababu nilikuwa sivipendi. Nilingoja fimbo. Akasema tu, "Ulisema kwa sauti nzuri. Hata nje nilisikia."

Hakuingia tena mu ile sale. Na minye sikumuomba musamaha. Kwanza nilikuwa nimelewa sifa, kisha nikaolewa Nyakabere, kisha wakanifuata huko kuniambia tunamuzika koko.

Basi juzi, mbele ya yale maji, nilimupigia mjukuu wangu hadithi ya ndama, akacheka mpaka machozi. Akauliza, "Na weye, koko, hukucheza hata mara moja?" Nikajibu hapana, nilikuwa natazama tu. Kwa uzee huu, mahali palepale, nikamukana koko wangu tena.

Sale haitarudi. Mashuka yameoza, mwalimu amelala zamani, na wale walioziba pua sijui walipo. Lakini niko na huyu mjukuu, anamaliza shule mwaka huu, na minye nikitembea naye mu barabara natembea kama nimepewa nchi. Ndiye ananisomea barua, ndiye ananinyooshea herufi. Hii karatasi ninayoandika nitampa yeye. Atakapofika kwenye yale maneno, nitamuomba ayasome kwa sauti, na minye nitakaa nje, nisikie.